Utosi wa Mke wa Jirani

Mwaka ule wa tisini na tatu Tukuyu ilikuwa imejaa vitu. Maduka ambayo miaka kumi nyuma yaliuza chumvi na viberiti, sasa yalikuwa na redio za kaseti, sabuni za kila rangi, na makopo ya mafuta ya nywele yenye picha za wanawake wanaocheka. Mvua tu ndiyo ilibaki ileile, pamoja na kijiwe cha Maulidi: ubao mrefu juu ya matofali, chini ya bati lililochomoza kutoka duka la mbegu, mkabala na barabara iteremkayo Bulyaga. Maulidi, ambaye babu yake alipanda huku kutoka Kilwa, alichemsha kahawa tangu alfajiri, na wateja wake wa kudumu walikuwa wanne. Jairo, zamani karani wa ushirika, aliitwa Hansadi kwa sababu alikumbuka kila neno lililowahi kusemwa pale, na nani alilisema. Lukasi aliitwa Tunduma, maana kila wiki alishuka mpakani kufuata losheni, kalikiti ya kulainishia nywele, na mawigi. Hashimu Mkasi alikuwa kinyozi, na kiti chake cha kunyolea kiligusana na benchi. Wa nne alikuwa Ambindwile, fundi redio mwenye kibanda hapo kando, mtu mpole wa miaka arobaini. Wao walimwita Waya.

Siku hiyo Waya alifika kijiweni amechelewa, na alikuwa ameona jambo.

Alikuwa ameshatoka nyumbani alipokumbuka kwamba ameacha chuma chake cha kulehemu. Akarudi. Mtu hapigi hodi kwake, basi akakata njia kupitia migombani akatokea uani. Mkewe Veronika alikuwa ameinama juu ya karai, anajimwagia maji kichwani kwa kikombe cha bati. Hakuwa na kitambaa.

Walikuwa na miaka kumi na mitatu ya ndoa. Alipomwoa, Veronika alikuwa na nywele nyingi, za kumchosha msusi. Ni lini alizitazama mara ya mwisho? Hakumbuki. Miaka ya karibuni mkewe alifunga kitambaa kimoja mchana na kingine usiku, naye Waya akachukulia ndiyo heshima ya mwanamke wa kwaya.

Sasa aliona. Katikati ya utosi palikuwa wazi, upana wa kisahani cha kikombe, panang'aa kama ganda la biringanya. Mtu aliyenyolewa hubaki na vidoti, kama mchanga mweusi. Pale hapakuwa na kidoti hata kimoja, wala kinyweleo. Kandokando nywele zilisimama mojamoja, kama majani yaliyonusurika shambani baada ya moto.

Jani kavu la mgomba likalia chini ya kiatu chake. Veronika akageuka, akavuta kitenge, akajifunika. Wakatazamana.

— Umesahau nini, Baba Lusungu?

— Chuma.

— Kiko mezani.

Basi. Akachukua chuma, akaondoka, na njia nzima hakuweza kukumbuka kama mguu wa kulia ndio unaotangulia au wa kushoto.

— Waya, leo umemeza betri? — Hashimu alimpokea. — Kahawa inapoa, wewe unaitazama tu.

— Nina swali — alisema Waya. — Kuna jirani yangu.

— Jirani yupi?

— Jirani. Mkewe ana kipara.

Kijiwe kizima kikacheka. Maulidi alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye makaa.

— Mwanamke? Kipara? — Hashimu aliuliza. — Kile cha matajiri?

— Hapa — Waya alijigusa utosini. — Panang'aa. Hakuna hata kitundu cha unywele. Mwanamke wa miaka thelathini na minne.

Kicheko kikakatika. Hashimu akaweka mkasi chini, maana hayo sasa yalikuwa mambo ya kazi yake.

— Mapunye hayo.

— Mapunye yana ukurutu. Pale ni laini.

— Basi ni kuchoma nywele. Wanaingia saluni, wanachomwa kwa kitana cha moto, ubongo unachemka, mizizi inaiva. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Maji, jamani! Hawakusema moto. Na asipochomwa, anapakwa ile kalikiti ya Tunduma.

Lukasi akaruka kama aliyekalia msumari.

— Usiniingize! Mafuta yangu yana lebo ya kiwanda. Zambia nzima wanapaka. Mbona Wazambia hawana vipara?

— Umewavua kofia wote? — aliuliza Jairo.

— Sikia, nikwambie kinachotoa nywele. Wigi la mtumba. Siyo haya yangu mapya, hapana, la mtumba. Lile limevaliwa na marehemu huko Ulaya. Sasa marehemu anaamka kule aliko, kichwa kinapigwa baridi, anafuata wigi lake mpaka Tukuyu. Akifika anakuta limechakaa. Atafanyaje? Anachukua zako. Haki ya mtu haipotei!

— Gwe! — Hashimu alimkatiza. — Marehemu apande milima yote hii kufuata wigi?

— Mimi nilisikia kwa babu — Maulidi alisema, akipeperusha makaa. — Unaposukwa, nywele zinazodondoka usiziache chini. Ndege akiziokota akajengea kiota, siku anayotamia, wewe kichwa kinapata moto. Vifaranga wakianguliwa, kinawasha. Vifaranga wakiruka, nywele zinaruka nao.

— Na wakitua? — aliuliza Hashimu.

— Wakitua wapi?

— Si ndiyo nauliza. Wakitua, zinarudi?

Maulidi hakuwa amefika huko na babu yake. Waya aliwasikiliza, akanywa funda lake la kwanza la kahawa. Kama ni ndege, kama ni marehemu wa Ulaya, basi ni upuuzi, na upuuzi hauui.

Jairo Hansadi ndiye aliyekuwa bado hajasema lake. Aliinamisha kichwa, akashusha sauti.

— Mnazunguka mbuyu. Mnajua wote ni nini, mnaogopa kutaja.

Mwaka ule kila mtu alikuwa amezika mtu. Kulikuwa na nyumba Bulyaga zilizofungwa kabisa, na watu walijifunza kutazama nywele za wenzao kabla ya kuwapa mkono.

— Ugonjwa ule — Jairo alisema. — Unaanza na nywele. Zinakuwa laini kama za mtoto, halafu zinakwenda. Na mkumbuke, Machi mwaka wa themanini na nane, Ambwene, tuliyekuwa tukinywa naye kahawa, alikaa hapohapo alipokaa Waya, akatuhadithia habari za Tulia wa Kisondela. Utosi ulikwenda namna hiyohiyo. Mumewe hakungoja. Alimpakia kwenye lori la ndizi pamoja na godoro lake, akamrudisha kwao.

— Kwa hiyo huyu jirani... — Waya alianza. — Afanyeje?

— Amrudishe. Mwenye kovu usidhani kapoa. Maana yake, ukiona kovu, kimbia.

— Na yeye mwenyewe jirani?

— Yeye? — Jairo alimtazama kwa huruma. — Kama hajachelewa.

Waya akaanza kuhesabu safari za mkewe. Kwaya ilikwenda Kyela mwaka juzi, siku tatu. Nani alikuwa mwalimu wa kwaya? Fred, yule mwembamba, mwenye sauti ya tatu. Tena mara nne Veronika alisema anakwenda kumtazama shangazi mgonjwa. Shangazi gani anaugua kila baada ya miezi miwili? Kabla Jairo hajamaliza kikombe chake alikuwa ameshapanga safari nzima kichwani: Jumamosi, lori la ndizi, mkwewe mzee Ambilikile amesimama mlangoni akipokea binti yake bila kusema neno. Alipogundua kwamba ameshafika kwenye kuhesabu vyombo, nani abaki na nini, alijishtukia mwenyewe.

— Assalaam aleikum.

Wote waliinua vichwa. Alikuwa Siwema, Mama Lulu, mwenye saluni kule Bulyaga, ameshika chupa ya chai mkononi. Wanawake hawakai kijiweni, naye hakukaa. Alimpa Maulidi chupa aijaze.

— Endeleeni — alisema. — Nimewasikia tangu kule mtaroni. Ni Tulia yupi huyo mliyemzika?

— Wa Kisondela — Jairo alijibu, akijikohoza.

— Anayeuza maparachichi hapo sokoni kila Jumamosi? Juzi amebeba gunia langu mpaka Bulyaga. Kichwani. Miaka mitano tangu arudishwe, na ana nguvu kukushinda wewe.

Jairo aliivuta kofia yake chini.

— Tulia yuko hai? — aliuliza Hashimu polepole.

— Yuko hai na kipara chake. Aliyemrudisha ndiye hana mke. — Siwema alijifunga ushungi vizuri. — Mimi nashika vichwa mwaka wa tisa huu. Wenye utosi wa namna hiyo nimewaona kumi na mmoja.

— Kumi na mmoja! Hapahapa Tukuyu?

— Wake za watu. Wengine waume zao wanakunywa kahawa.

Lukasi alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeanguka mle.

— Si ndiyo hayo! — Hashimu alisema. — Ni saluni!

— Kuchoma kunaongeza, sikatai. Nimechoma wengi kabla sijajua, na Mungu anisamehe. Lakini mmoja kati ya hao kumi na mmoja hajawahi kutia hata mafuta ya nazi. Siku hizi nikiona utosi umeanza, sichomi, sitii dawa, sikazi nywele. Namwambia nenda hospitali, usiende kwa mganga, wala usiniletee mimi hicho kichwa.

Akapokea chupa yake. Kisha akageuka, akamtazama Waya, siyo kwa ukali, na akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kumtazama mtu unayemsalimia tu.

— Fundi. Huyo mke wa jirani yako. Panamuuma?

— Nini?

— Utosi. Panamuuma, panamuwasha, au pamenyamaza?

Waya aliwatazama wenzake. Hashimu alimtazama Jairo. Jairo alitazama barabara.

— Sijui — alisema Waya.

— Mumewe anajua?

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Watu watano walikuwa wamezungumza juu ya kichwa cha mwanamke mmoja tangu saa mbili mpaka karibu saa nne, wakamleta marehemu kutoka Ulaya, wakajenga kiota, wakapakia lori, na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kujibu hilo.

Siwema aliaga, akateremka na chupa yake. Waya akaacha kibanda chake wazi, redio za watu zimelala matumbo nje, akaenda nyumbani kwenye mvua.

Alimkuta Veronika ameketi kwenye kitanda. Kitanda cha kamba, kitupu. Godoro lilikuwa limeviringishwa na kufungwa kwa katani, limesimamishwa karibu na mlango, na juu yake furushi la nguo.

Waya alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika. Lori alilolipanga kichwani mwake lilikuwa limeshafika nyumbani kabla yake.

— Nimekurahisishia — Veronika alisema. — Nimebeba changu tu. Lusungu akitoka shule umwambie nimekwenda kwa babu yake. Usimwambie lingine.

— Mama Lusungu.

— Usipige kelele, majirani wapo.

— Panauma?

— Umesemaje?

— Utosi. Panauma?

Veronika alimkazia macho kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ngeni. Alijiziba mdomo kwa mkono, akalia kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti, mabega tu. Waya akaketi juu ya kamba za kitanda kando yake.

— Zamani paliuma — alisema hatimaye. — Mwaka wa tano huu. Palianza kuwasha, halafu pakawaka, kama nimesugulia pilipili. Usiku nilikuwa naegemeza kichwa kwenye ukuta nipate ubaridi. Wewe ulikuwa unakoroma.

— Ungeniamsha.

— Nikwambie nini? Habari za Tulia uliniletea wewe mwenyewe, kutoka kijiweni. Ulicheka.

Alikuwa amecheka. Jairo angeweza kutaja na tarehe.

— Sasa katikati pamenyamaza — Veronika aliendelea. — Pembeni bado panawaka. Nilikwenda Igogwe. Hakuna shangazi mgonjwa, Baba Lusungu. Nilikwenda hospitali mara nne. Kuna daktari wa ngozi aliyekuja kwa muda, mtu mzima, akapapasa kwa vidole bila glavu, bila kuogopa. Wakakata kinyama kama punje ya mchele, wakapeleka kupima. Akaniambia, mama, hiki ni kipara cha kovu. Kila unywele una kitundu chake. Moto ukiwaka ndani ya kitundu, kidonda kikipona, kinaziba. Na kovu haliotwi na kitu.

— Hazirudi?

— Nami niliuliza hivyohivyo. Akaniuliza ninalima nini. Nikasema migomba. Akasema, ukifyeka mgomba, si chipukizi linatoka? Nikasema ndiyo. Na kitako kikioza chini ya ardhi? Nikanyamaza. Akasema, basi nywele zako za katikati zimeoza kitako. Zilizobaki tunaweza kuzipigania, ukiwahi na usipoacha dawa.

Waya alikuwa mtu aliyeamini kwamba kila hitilafu ina fundi wake. Maisha yake yote alifungua vitu vilivyonyamaza akavisemesha.

— Imetoka wapi?

— Alisema wenyewe bado hawajajua yote. Kuchoma kunachochea, kusuka kwa kukaza kunachochea. Na ukoo. — Alifuta pua kwa upindo wa kitenge. — Mama yangu alifunga kitambaa maisha yake yote. Nilipomuosha alipokufa, mimi na mama mdogo, ndipo nikamvua. Ulikuwa utosi huuhuu. Mama mdogo akaniambia, funika haraka. Sijawahi kumwambia mtu.

Mvua ilipungua. Kuku waliingia, wakalitazama godoro, wakatoka.

— Kijiweni wamekwambia ni ugonjwa ule — Veronika alisema. Haikuwa swali.

Waya aliinamisha kichwa.

— Na wewe ukaamini.

— Ndiyo — alisema. Alifikiri kusema uongo, lakini godoro lilikuwa pale linamtazama. — Niliamini. Nilikudhania na Fred wa kwaya.

— Fred! — Kwa mshtuko Veronika karibu acheke, na machozi bado yanamtoka. — Fred yule anayenuka kitunguu? Salaale! Fungua kitabu cha nyimbo. Kuna karatasi.

— Sihitaji karatasi.

— Soma. Leo huihitaji, ila ipo siku utaihitaji, tena usiku, na mimi sitaki kutazamwa kwa jicho hilo ndani ya kitanda changu. Nilipima mara mbili. Soma kwa sauti.

Akasoma kwa sauti. Hakuwa na ugonjwa ule. Kisha akainuka, akakata katani, akalilaza godoro mahali pake. Lilikataa kunyooka, likajikunja mara tatu, na ilibidi wote wawili walikalie.

Nywele za Veronika hazikurudi. Miezi iliyofuata walikwenda Igogwe wawili, na daktari akabadilisha vidonge na marhamu, na ule moto wa pembeni ukafifia kidogokidogo mpaka mwezi wa Mei ukazimika. Kisahani kilibaki kisahani, hakikuwa sahani. Veronika aliendelea kufunga kitambaa akienda kanisani, kwa sababu alikipenda, lakini ndani ya nyumba alikivua. Binti yao Lusungu alilia siku alipomwona mama yake. Siku ya pili akazoea. Aliambiwa mapema kwamba kichwa chake hakitachomwa wala kukazwa, na akiwashwa utosini aseme siku hiyohiyo.

Hayo yalikuja baadaye. Kesho yake asubuhi Waya alikwenda kijiweni, hakukaa.

— Yule jirani ni mimi — alisema. — Mke ni wangu. Ni Veronika.

Maulidi aliishikilia birika hewani, kahawa haikumwagika wala kikombe hakikujaa. Hashimu alisema *Lo!* Jairo Hansadi alisimama, akavua kofia mbele ya mtu mdogo kwake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

— Ndugu yangu, yale ya jana niliyosema, yafutwe.

— Siwezi kuyafuta, Jairo. Nilifika nayo mpaka nyumbani. Nimekuta godoro limefungwa.

Akawaeleza yote, kovu na kitundu kilichoziba, na maneno ya daktari, na karatasi. Hakuna aliyeleta methali.

— Na panauma? — Maulidi aliuliza alipomaliza. — Mama Lulu aliuliza.

— Pembeni. Katikati pamekwisha.

Lukasi Tunduma alikuwa amelaza mkoba wake wa losheni mapajani, siku ya safari ya mpakani hiyo, na gari lilikuwa limeshapiga honi mara mbili kule stendi. Hakuinuka. Alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa mkoba.

— Waya — alisema. — Mke wangu anafunga kitambaa hata akilala.

Honi ikapigwa mara ya tatu.

— Mwaka wa saba — alisema Lukasi. — Mimi nilidhani ni baridi.